Bisi Katika Wimbo wa Kinya

Siku ile mjinga alikuwa Mutugi. Tuliseme mapema tupumue, kwa maana hata yeye alikuja kulikiri mbele ya kijiji kizima, tena kwa kipaza sauti alichokibeba mwenyewe. Mwanamume akipenda huruhusiwa ujinga kidogo. Huyu alijipakulia sahani yake na ya jirani.

Ila kwanza sokoni, alipokuwa bado na akili zake.

Mwaka ulikuwa wa tisini na tisa, na soko la Gakoromone mjini Meru lilikuwa limefurika. Ndizi za Mitunguu zilikuwa zimelazwa mikungu kwa mikungu, wamama wakiitana kwa Kimeru juu ya vichwa vya wanunuzi, na harufu ya kabeji iliyokanyagwa ikipanda na jua. Katikati ya umati huo ulikuwa ukitembea mnara wa trei za mayai, trei tupu, na chini yake miguu ya mwanamume. Mnara ukakata kona bila kupiga honi. Ukamgonga msichana aliyebeba robota la kitambaa, na kitambaa kikaenda kulala kwenye nyanya.

"We! Angalia mbele!"

"Mbele siioni, dada. Naona trei tu."

"Basi zikuoe hizo trei!"

Mnara ukashushwa chini. Nyuma yake alikuwapo Mutugi wa Embu: suruali pana iliyofagia vumbi, kizibao cha jinzi, na kofia iliyogeuzwa nyuma ingawa umri wake ulishamtuma aigeuze mbele. Alitaka kuomba msamaha. Akamwona mtu wa kuombwa, na msamaha ukamkwama mdomoni. Gauni la njano lenye mabega yaliyoinuliwa kwa sponji, nywele zilizotiwa dawa ya kalikiti zikimeremeta, na macho yaliyokuwa yakimpima kama anayepima mita za kitambaa.

"Una kuku wangapi?" akauliza msichana, akipangusa nyanya kwenye robota.

"Sina hata mmoja."

"Na trei hizi zote?"

"Za kubandika ukutani. Mimi nina studio Embu, narekodi nyimbo. Trei humeza mwangwi."

"Kwa hiyo huko Embu watu huimba ndani ya mayai."

"Huimba wakatoka vifaranga."

Msichana akacheka. Hakutaka, lakini kicheko hakiombi ruhusa. Mutugi aliyekuwa ameanza kuokota trei akaacha kuokota.

"Wewe huimba," akasema.

"Nani amekuambia?"

"Hicho kicheko. Kimeanzia juu, kikashuka ngazi yote bila kukanyaga vibaya."

Jina lake lilikuwa Kinya. Siku za kazi aliuza vitambaa katika duka la mama mmoja aitwaye Kagure, hatua chache kutoka sokoni. Jumapili alikuwa mtu mwingine kabisa. Ndiye aliyeanzisha nyimbo katika kwaya ya kanisani kwao Githongo, na wakulima wa kahawa waliosinzia wakati wa mahubiri waliamka akisimama yeye. Hakuwa na shamba, hakuwa na ng'ombe. Alikuwa na ile sauti, na jina ambalo sauti ilimpa. Ukitaka kumwumiza Kinya, ulijua mahali pa kugusa.

Simu zikaanza. Mutugi alisimama kwenye kibanda cha simu mjini Embu, mfuko umejaa sarafu, na duka la Kagure likapata mteja asiyenunua kitu.

"Haloo, naomba Nkatha." Alikuwa amejifunza kwamba Wameru humpa mwanamke jina hilo la sifa, na alilitumia kama mtu aliyenunua viatu vipya.

"Hapa hakuna Nkatha," Kagure akajibu. "Kuna kitenge na kitambaa cha sare za shule."

"Basi niitie kitenge chenye sauti nzuri."

"Kinya! Yule mwenye kuku amepiga!"

Kinya alikuja mbio huku akijifanya anatembea. "Sema, Baba Vifaranga."

"Umelalaje, mpenzi?"

"Kwa ubavu. Na wewe?"

"Sikulala. Nilikuwa nabandika trei nikikufikiria."

"Ukazibandika juu chini."

"Utakuja lini kurekodi? Nimepata mashine mpya, Kinya. Kompyuta ya kukunja, laptopu. Dada yangu ni nesi Uingereza, ameniletea. Embu nzima hakuna mwingine. Hakuna tena kaseti kujisokota, hakuna kusugua kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti."

"Nitakuja," Kinya akasema, akishusha sauti kwa sababu Kagure alikuwa amekuja kukunja kitambaa kilichokwisha kukunjwa. "Lakini wimbo nitakaotoa huko nataka hata Githongo wausikie wanyamaze."

Akaja. Alivaa sketi ndefu ya samawati na blauzi nyeupe yenye tai kubwa shingoni, na Mutugi alipomwona mlangoni alikanyaga waya mpaka taa ikazimika.

Studio yenyewe ilikuwa chumba nyuma ya duka la misumari, ukuta mmoja na kinu cha unga. Mashine ile ilikaa juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cha kusuka, kama picha ya marehemu anayeheshimiwa. Kinya akavaa hedifoni, akaimba mstari mmoja, akazivua.

"Mutugi, sauti yangu inanifuata nyuma. Naimba sasa, naisikia baadaye. Kama mbwa anayenitoroka kisha ananikimbilia."

"Ngoja, mpenzi."

Akatafuta kwenye skrini kwa kipanya. Akapata kidude kimoja cha kutelezesha, upande mmoja kimeandikwa haraka, upande wa pili salama. Kilikuwa kimekaa karibu na salama. Mutugi, kwa mapenzi yake yote, akakisukuma mpaka mwisho wa haraka.

"Jaribu sasa."

Kinya akajaribu, akatabasamu. Sauti ilikuwa imerudi kooni mwake. Akaimba akisikia gitaa moja tu na nafsi yake, akaimba mpaka kinu cha jirani kikaonekana kimetulia kusikiliza. Mutugi alitazama trei zake ukutani akajua kwamba hazijawahi kumeza kitu kitamu kama kile.

Hadithi ingeishia hapo, watu wale pilau. Lakini akaingia Kivuti.

Kivuti alikuwa kijana wa kutoka Kiambere, mwenye duka la kaseti karibu na stendi ya magari mjini Embu. Kila wimbo uliotoka kwa Mutugi ulipita dukani kwake, la sivyo haukupita popote. Alikuwa na mdomo mwepesi na miwani nyeusi aliyoivaa hata chumbani.

"Buda, nimesikia una malkia kutoka Meru. Tusikie basi."

Mutugi akataka sifa. Hakumchezea sauti na gitaa tu. Alifungulia kila kitu kwa pamoja, ngoma, besi, kinanda, gitaa, na sauti ya Kinya iliyopandishwa juu yake yenyewe mara tatu. Akabonyeza, akakunja mikono, akangoja kusifiwa.

Tra-tra. Tratratra. Tra!

Bisi. Wimbo wote ulikuwa ukilipuka kama mahindi ndani ya sufuria yenye kifuniko.

Kivuti akashusha miwani. "Maze Mutugi, unatoa wimbo ama unakaanga bisi? Nilidhani hii ndiyo mashine kubwa!"

Hapo ndipo pa kuonea huruma, mpenzi msomaji, au pa kuchapa. Mutugi alijua, ndani kabisa, kwamba koo la binadamu halifanyi tra-tra. Lakini Kivuti alikuwa anacheka, na kicheko cha mwanamume mwenzako kinaweza kukufanya umwuze hata mama yako.

"Mashine haikosei," akasema. "Imetoka Uingereza hii. Mashine haikosei, ni koo."

"Koo la nani?"

"La mwimbaji. Si unajua, anauza vitambaa. Zile nyuzi huingia kifuani. Halafu makelele ya soko…"

"Kinya Kwarukwaru!" Kivuti akapiga paja lake.

Kinya alikuwa amesimama mlangoni na hedifoni shingoni. Alikuwa amesikia kutoka mwanzo. Akazivua taratibu, akazilaza mezani kama mtu anayelaza mtoto wa wenyewe.

"Koo hili, Mutugi, limewaimbia watu kwenye mazishi yao na hakuna hata mmoja aliyefufuka kulalamika. Leo unalitukana ili mwanamume asikucheke?"

"Kinya, mimi sikumaanisha…"

"Nimekusikia vizuri. Masikio yangu hayana nyuzi."

Akaondoka. Mutugi alimfuata mpaka kwenye mlango wa duka la misumari, akarudi kumuaga Kivuti. Ujinga wake wa pili huo, tusiuhesabu.

Jina lilisafiri. Kivuti alituma kaseti Meru kila mara, na pamoja na kaseti akatuma mzaha. Haikupita muda Kinya akiingia kanisani, mtu wa nyuma anafanya tra-tra kwa ulimi. Kiongozi wa kwaya, mzee mpole, akamwita kando.

"Dada, pumzisha koo kidogo. Watu wanasema fundi wa Embu ameligundua lina hitilafu. Mwenzako ataanzisha nyimbo kwa sasa."

Kinya akapelekwa mstari wa nyuma, sauti ya pili, katikati ya mama aliyeimba kwa pua na mwingine aliyefungua mdomo bila kutoa kitu. Siku hiyo alirudi nyumbani akavua gauni la kwaya, akalitundika, akasema peke yake:

"Mutugi ndiye aliyelitangaza jina hilo. Haya. Huyu nitamwimbisha."

Huko Embu, Mutugi naye aliweka sarafu simuni.

"Haloo, Kagure, naomba Kinya."

Minong'ono. Kisha Kagure, kwa raha isiyofichika: "Kinya anasema koo lake ni gonjwa, haliwezi kuongea na simu."

"Mwambie nataka kumwomba msamaha!"

Minong'ono tena. "Anasema laini yako inakwaruza, hasikii. Anasema usugue simu kwa pamba na spiriti."

Sarafu zikaisha kabla ya maneno.

Na mashine? Mashine ilipatwa na kiburi. Tangu siku ile, kila aliyerekodi pale alitoka na bisi. Kwaya ya vijana ikalipuka. Kikundi cha akina mama kikalipuka. Mhubiri mmoja, aliyetaka ngoma na kinanda chini ya mahubiri, alisikika kama anayehubiri toharani akiwa ndani ya kikaango. Mutugi alisugua kila tundu kwa spiriti, kwa sababu ndivyo alivyojua kutoka zama za kaseti. Alilaumu kinu cha unga, akamwomba mwenye kinu asisage wakati wa kurekodi, bisi zikaendelea. Alibadilisha nyaya. Alichomoa chaja, akatumia betri. Aliwaondoa wale samaki waliokuwa wakiogelea kwenye skrini mashine ikipumzika. Mwishowe akawaambia wateja ni ule ugonjwa wa kompyuta wa mwaka elfu mbili, umeingia mapema.

Hakuwaambia kwamba koo la mhubiri lina nyuzi za kitambaa. Hilo hakulithubutu. Naye Kinya, ambaye habari za Embu zilimfikia dukani bila kuziita, alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu arudi.

Basi binamu yake Kinya akapata mchumba, kijana wa Embu. Wageni wa Embu wakapanda kwenda Githongo kuchukua bibi arusi, wakiwa na suti, vilemba, na vipaza sauti vya kukodi. Fundi wa vipaza sauti alikuwa nani? Ndiye Mutugi. Alikubali kazi hiyo akijua ataonana na Kinya. Hakujua ataonanaje.

Nyinyi mnajua mambo ya langoni. Upande wa bwana harusi ukifika hukuta lango limefungwa, na nyuma yake wanawake wa upande wa bibi, wakiimba. Huwatania wageni, huwachambua, huwauliza wamekuja kufanya nini, na mgeni hana ruhusa ya kukasirika. Anayenuna langoni huhesabiwa ameshindwa. Anatakiwa ajibu kwa wimbo, ndipo komeo litolewe.

Kinya alikuwa mbele ya wanawake wale, kitenge cha rangi ya machungwa kiunoni, na mkononi maikrofoni ya Mutugi mwenyewe. Baridi ya Githongo ilikuwa ikitoa moshi midomoni mwa watu. Akaimba, na akaimba kwa Kiswahili, asije mtu akasingizia hakuelewa:

"Mmekuja na nani, wageni wetu?
Mmekuja na fundi wa trei za mayai!
Mhubiri aliingia, akatoka na kikohozi,
wamama waliingia, wakatoka na kikohozi,
Embu nzima inaumwa koo,
ila mashine, jamani, mashine ni nzima!"

Wanawake wakaitikia: "Mashine ni nzima!" Lango lenyewe lilitikisika kwa vicheko. Waembu nao, waliorekodiwa na wasiorekodiwa, walishikana mabega wakicheka. Mutugi akanyoosha mkono kwenye swichi. Akapigwa kofi la mkononi. Alikuwa shangazi yake Ciakuthii, mama mnene kutoka Kiambere, ambaye ndiye aliyekuja kuwajibia upande wa bwana harusi.

"Wacha. Amesema uongo wapi?"

"Shangazi, ananiharibia kazi!"

"Wewe ulimharibia nini?"

Mutugi akarudisha mkono mfukoni. Wimbo ukaimbwa mara ya pili, kwa sababu wazee walisema hawakuusikia vizuri.

Wateja wakaisha. Watu walipita mbele ya studio wakikohoa makusudi. Kivuti alikuja, hakuketi hata.

"Buda, yule msichana amekuzika, na ameimba vizuri ajabu akikuzika. Si bado unao ule wimbo wake? Ufute. Akija siku moja kuutafuta, akute kumetakata. Hapo mtakuwa sawa."

Kisasi ni kama pilipili kichaa, mtu anaila akijua itakavyomtoka. Jumapili mchana, kinu kimenyamaza, mji mzima kanisani, Mutugi akaketi mbele ya laptopu na hasira zake zilizokwisha chemka. Wimbo wa Kinya ulikuwapo pale pale, haukuwa umeguswa. Kipanya kikaelekea kwenye kufuta. Kikasimama.

"Sikufuti hivi hivi," akauambia wimbo. "Kwanza nakunyang'anya vyote nilivyokupa. Nilikusogezea hiki kidude eti usisumbuke na sauti ya kuchelewa. Mapenzi yangu yote haya! Nakirudisha!"

Akakivuta kidude kutoka haraka mpaka mwisho wa salama, kwa chuki, kama mtu anayemnyang'anya mwenzake kanzu. Kisha akacheza wimbo mara ya mwisho, ili auzike ukiwa unapiga kelele.

Haukupiga kelele.

Ngoma zikaingia safi. Besi ikatembea. Gitaa likadondoka tone kwa tone, na sauti ya Kinya ikainuka juu ya vyote, haina hata punje moja ya bisi. Mutugi akageuka kutazama nyuma, kana kwamba msichana ameingia.

Alielewa akiwa ameshika kichwa. Kompyuta ile ilikuwa kama mtu wa Mitunguu anayemwagilia migomba. Upande wa salama ilijaza debe kwanza, ikamimina polepole, maji yasikatike. Upande wa haraka ilikuwa ikikimbia na kikombe cha chai. Kwa mgomba mmoja inaweza, lakini ipe shamba zima kwa pamoja, inamwaga njiani, na kila mwago ni tra. Wimbo haukuwahi kuharibika. Kwenye kaseti, ukisikia mkwaruzo ndio umeandikwa, umekwisha. Akili yake ilikuwa bado ya kaseti. Huku mkwaruzo ulikuwa kwenye kumimina tu. Kisimani maji yalikuwa safi siku zote.

Wimbo ukafika mwisho, na baada ya noti ya mwisho kukawa na kitu ambacho bisi zilikuwa zimekifunika. Kicheko kidogo. Kisha sauti ya Kinya, karibu kabisa na maikrofoni: "Ni hivyo, mpenzi, ama nirudie?"

Mutugi aliucheza mwisho ule mpaka waumini wakatoka kanisani.

Dukani kwa Kagure aliingia kesho yake, laptopu kwapani, spika mbili ndogo mfukoni, kofia ameigeuza mbele.

"Muga," akasalimu kwa Kimeru.

Kagure akaitikia. Kinya alikuwa anakata kitambaa, mkasi ukaendelea.

"Kinya, naomba usikilize kitu kimoja."

"Koo langu linauma."

"Hutatumia koo. Masikio tu."

Akapanga vitu juu ya marobota, akaucheza wimbo. Mkasi ukasimama katikati ya mita. Mama aliyekuwa anachagua utepe akauacha. Mlangoni watu wakaanza kujaa, na hakuna aliyekohoa. Ulipokwisha, Kinya alikuwa amegeukia rafu za vitambaa, na mabega ya gauni yalikuwa yakipanda na kushuka.

"Umeutengeneza?" akauliza bila kugeuka.

"Sikuutengeneza. Ulikuwa mzima tangu siku ile. Ni namna mashine ilivyokuwa inaucheza. Kidude kimoja, nilikisogeza vibaya."

"Na siku ile ulidhani ni koo langu?"

Mutugi angeweza kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi.

"Hapana. Nilijua si koo. Nilimwogopa Kivuti kunicheka."

Kinya akageuka. Macho yalikuwa mekundu, lakini ulimi ulikuwa umekauka vizuri. "Na lile jina? Kwarukwaru?"

"Ni la Kivuti. Lakini lilizaliwa nyumbani kwangu, na sikulifunga mdomo."

"Mtoe nje huyu," Kagure akasema, akijipangusa machozi kwa utepe wa mteja. "Ama mwoe. Ananizibia mlango."

"Mimi nimekuja kuoa," Mutugi akasema haraka, kabla ujasiri haujaisha kama sarafu za simu. "Lakini kwanza nisamehewe."

Kinya akakunja kitambaa alichokuwa akikata. Moyo wake ulishasema ndiyo wakati wa gitaa. Hakuona sababu ya kumwambia.

"Ulinitukana mbele ya mtu mmoja, nikachekwa na wilaya nzima. Utakuja Githongo, langoni kwetu, na wazee wako. Utasema uliyosema leo, kwa maikrofoni, kwaya yetu ikisikia. Wimbo wangu utachezwa hapo. Halafu lango linaweza kufunguliwa. Linaweza."

"Ni hayo tu?"

"Kitu kingine. Nionyeshe hicho kidude."

Akamwonyesha, akafurahi kuulizwa. Haraka huku, salama kule. Kinya alikisukuma huku na kule kwa kidole kimoja, akitazama kwa makini sana, na Mutugi akadhani ni mapenzi. Yalikuwa mapenzi pia.

Siku ya langoni, kahawa ilikuwa imetoa maua meupe mabondeni na Githongo yote ilinukia. Mutugi alivaa suti ya kijivu aliyoazima kwa mwenye kinu, nayo ilimbana kwapani. Nyuma yake wazee wa Embu, shangazi Ciakuthii na vilemba vyake, hata Kivuti, aliyeletwa kwa nguvu na aliyevua miwani kwa heshima ya mahali. Lango lilikuwa limefungwa. Kwa desturi mwenye kuposwa hukaa ndani, watu wamtafute. Kinya alikuwa ameketi hapo hapo nyuma ya lango, gauni la njano la siku ya sokoni, laptopu ya Mutugi mbele yake juu ya meza. Nani angemkataza?

Mutugi akashika maikrofoni, akasema yote. Kwamba koo lilikuwa zima. Kwamba alijua. Kwamba mjinga alikuwa yeye. Kisha Kinya akabonyeza, na wimbo ukatoka kwenye vipaza sauti, ukateremka mpaka kwenye kahawa. Wachuma kahawa wa ng'ambo ya bonde wakasimama wima. Kiongozi wa kwaya akavua kofia, akamwendea Kinya mbele ya wote.

"Jumapili utaanzisha wewe, dada. Na utusamehe."

Vigelegele. Mutugi akapumua, akashika lango.

"Bado," wanawake wakaimba. "Bado, bado! Wageni hawajajibu!"

"Shangazi, waimbie," Mutugi akanong'ona.

"Mimi sikumtukana mtu," Ciakuthii akasema. "Jiimbie."

Basi akaimba. Mwanamume aliyetumia maisha yake kurekodi sauti za wengine akatoa yake, nyembamba, yenye jasho: *Fungua, Nkatha, nimechoka barabarani, fungua nimekuja kukaa.* Haikuwa mbaya sana. Watu waliguswa, na Kivuti mwenyewe aliinamisha kichwa. Kinya alikuwa ameirekodi yote.

"Nzuri," akasema kwa upole uliotakiwa kumtia Mutugi wasiwasi. "Hebu tuisikie na vyombo."

Akafungulia ngoma, besi, kinanda, gitaa. Kidole chake kikatelezesha kitu kidogo kwenye skrini. Akabonyeza.

Tra-tra! Tratratra! *Fu-tra-ngua, Nka-tra-tha!*

Githongo ikaanguka kwa vicheko. Mzee mmoja alilazimika kushikiliwa. Mutugi akaruka kutazama juu ya lango, akaona kidude kimekaa pale pale alipokiweka siku ile, mwisho kabisa wa haraka. Alijua kwamba chini ya bisi zile wimbo wake ulikuwa safi, hauna doa. Kinya naye alijua. Kwa watu wote waliosimama pale, ni wao wawili tu waliojua.

"Kinya, umekisogeza!" akalia. "Jamani msicheke, mimi siimbi hivyo! Hiyo si sauti yangu, ni mashine! Mwambieni airudishe! Wazee, nawaapia, ni mashine hiyo!"

Kinya alisimama, akakung'uta gauni lake, akatoa komeo la lango kwa mkono mmoja, na wa pili akamnyooshea.

"Mashine haikosei, mpenzi. Ni koo."